Nukta Zenye Raha

Macho yangu ni makali kuliko ya mwewe. Leo asubuhi tu nimelikaribisha chai koti lililotundikwa mlangoni, nikanuna liliponinyamazia.

Siku hizi kioo cha kompyuta cha mzee hupimwa pamoja na macho yake. Ukiona raha kwenye nukta mia mbili kwa kila inchi, herufi zikiwa ndogo, unaruhusiwa kuishi peke yako. Ukitaka pungufu, ili herufi zinenepe, unahamishiwa kwa mwanao. Wangu ana mke anayefungia sukari kabatini.

Mpimaji, binti aitwaye Riziki, aliketi kando yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hizi ni nukta tisini." Akangoja kidogo. "Na hizi mia mbili. Zipi zina raha?"

Kwangu zote zilikuwa ukungu mmoja. Lakini nikatabasamu.

"Hizi za pili, mjukuu wangu. Zile za kwanza zilikuwa kama mchele uliomwagika. Hizi zimetulia, nasoma mpaka zile herufi ndogo za chini."

"Una hakika, bibi?"

"Nikudanganye ili iwe nini?"

Riziki akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Bibi, sijabadilisha kitu. Bado ni zile zile tisini."