Kiwavi Kwenye Saladi

Kalunguyeye alikuwa mpishi mbishi: mboga iliyopuliziwa dawa haikukanyaga jikoni kwake.

Siku moja Ngiri, baba mwenye makuu, alikuja kuonja chakula kabla ya harusi ya binti yake. Akakuta kiwavi kwenye saladi.

"Yaani wageni wangu wale wadudu? Harusi atapika jirani yako Tumbili! Majani yake yanang'aa, hayana hata tundu."

"Sawa, mzee. Lakini hebu niletee jani lake moja tu."

Ngiri akalileta. Kalunguyeye akamweka kiwavi juu yake. Kiwavi akanusa, akashtuka, akatambaa mbio kurudi kwenye saladi.

Ngiri akakuna shingo, akavuta kiti.

"Haya, harusi utapika wewe. Na huyu kiwavi mkalishe meza kuu."