Jedwali Lisilo na Sita

Nilirusha dadu, ikaangukia sita. Nikashuka kwa kidole kwenye jedwali la kitabu kipya linaloamua kitakachompata shujaa: moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita haikuwepo.

Nikaifunika dadu kwa kiganja.

Kampuni yetu huchapa michezo ya mezani, ile ambayo wachezaji hujifanya mashujaa na kusimulia safari zao. Kabla kitabu hakijaenda mitamboni, sisi waandishi hukaa pamoja na kukicheza, kutafuta kasoro. Hiki kilikuwa kitabu cha tatu cha nyongeza kwa mchezo alioutunga binti mmoja aliyetukuta kazini juzijuzi tu. Mchezo wangu haujaongezewa hata ukurasa kwa miaka minne. Wachezaji wangu bado wanaandika kuuliza, na ni mimi ninayewajibu wavute subira.

Nilimwonea wivu, siwezi kukataa.

"Bibi, mbona kimya?" bosi akatania. "Au shujaa wako keshaliwa na zimwi? Kama hakuna kasoro, kitabu kinakwenda leo."

Binti hakucheka. Alikuwa amenipa kiti chake chenye mto, kwa ajili ya mgongo wangu, naye amekalia boksi la karatasi. Hakuna aliyemwomba.

"Umepata ngapi, Bibi?" akauliza, kalamu mkononi.

Pembe za dadu zilikuwa zikinichoma.

"Tano," nikasema, na mkono sikuuinua.