Kalamu ya Zambarau

Kalamu ya zambarau ilikuwa haionekani tangu Jumatatu, na Anold alishachoka kuitafuta. Alishachoka na mengine pia: macho, kiuno, miaka ishirini na sita ya kuinamia meza ile ile. Na leo Alhamisi kuna kikao.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha chati, zile ramani za bahari zinazomwonyesha nahodha kina cha maji. Likija tangazo kwamba fungu la mchanga limehama, Anold hukata namba ya zamani kwa zambarau na kuandika mpya. Kisha pembeni huandika namba ya tangazo, kuonyesha kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wa kumi na moja lilikuja tangazo la mlango wa Ruvuma: fungu limehama, mita sita zimebaki moja nukta saba. Chati za bandari aliziwahi, maana meli za korosho hazina subira. Chati ya pwani, ya Nahodha Mustafa, aliianzia mwisho. Akaandika namba ya tangazo pembeni, mgongo ukamkatalia, akasema atamalizia kesho. Kesho hiyo haikufika, na chati ikarudi botini hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Mustafa alipanda fungu na boti ya mizigo. Hakufa mtu, ila boti imepasuka.

Sasa ilikuwa hivi. Kama chati bado inaonyesha mita sita, kosa ni la Anold, na kazi hana tena, miezi mitano kabla ya kustaafu. Kama imesahihishwa, basi nahodha aliliona fungu na akalipanda, na leseni yake inakwenda.

Jumatatu Mustafa alikuja ofisini, akakaa mezani kwa Anold kujaza fomu ya kikao cha kuchunguza ajali. Walikuwa wametaniana miaka kumi na tisa.

"Bado tu unaifunga saba mkanda," Anold alisema, akiitazama tarehe. Mustafa alikuwa na mazoea ya kuikata saba katikati kwa kistari.

"Watu wa bara mtaivua suruali," Mustafa alijibu, lakini hakucheka. "Shemeji anaendeleaje?"

"Yupo tu. Leo kaamka, kesho kalala."

Mustafa aliikunja fomu. "Mimi nina mikorosho yangu kule Naliendele. Wewe, mzee, huna hata mkorosho mmoja."

Alipoondoka, Anold alijiona mtu wa ovyo kabisa. Alikuwa na maneno ya kumwambia, na yote aliyameza.

Kikaoni, Mustafa aliingia na chati yake kwapani, akaiweka mbele ya mwenyekiti, Mama Martha, akaenda kukaa.

"Bwana Anold," Mama Martha alisema, "hebu tusomee hapo mlango wa Ruvuma. Namba ya tangazo naiona pembeni. Kina je?"

Anold alivaa miwani. Alishachoka hata kuogopa. Atasema kweli, yaishe, arudi nyumbani Magomeni akalale. Akapeleka kidole pale alipojua ipo sita.

Sita ilikuwa imekatwa, kwa zambarau. Kando yake paliandikwa moja nukta saba, na ile saba ilikuwa imefungwa mkanda.