Hodi ya Jioni

Tangu dada yake afariki, Mwanakheri alikuwa akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe kila arudipo jioni. Alijua hamna mtu. Alipenda tu kulisikia neno likizunguka vyumbani kama ndege aliyepotea njia.

Siku ukungu uliposhuka mjini, alipiga hodi kama kawaida.

"Karibu," sauti ikajibu.

Mwanakheri akashikilia mlango. "Nani?"

"Ni mimi, mwanangu, Bi Mwatime wa nyumba ya pili. Nakusikia kila siku. Leo nimeshindwa kunyamaza."

Mwanakheri hakuingia ndani. Aliuzunguka ukuta taratibu, akamkuta Bi Mwatime peke yake barazani kwake, ameketi kwenye ukingo wa mkeka mpana, na ukungu ukipita juu ya nafasi iliyobaki.