Urefu wa Mzigo

Fundi Mashaka alikaza bolti ya mwisho ya keria juu ya Prado, akaitikisa. Haikucheza.

"Doto, mzigo wenyewe una urefu gani? Nijue pa kuweka ndoano za kamba."

Doto alivua viatu, akapanda, akajilaza chali juu ya vyuma.

"Urefu huu huu. Tulikuwa tunavaliana suruali."

Fundi alishusha tepu. "Pacha wako? Kulwa?"

"Amefariki alfajiri. Kesho nampeleka nyumbani."

Fundi alizima redio. Akapima kutoka utosini hadi visiginoni, akaongeza shubiri kila upande kwa ajili ya jeneza.

"Pole sana, ndugu yangu. Shuka, nimemaliza."

Manyunyu yalianza. Doto hakushuka. Alijisogeza pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu wa pili.