Hatibu Akaa Katikati

Saa kumi na nusu alasiri, mzee Hatibu alikuwa ameketi katikati ya jukwaa la uwanja wa mpira, mahali ambapo mtu hatoki ila kwa kuruka magoti ya watu. Miaka yote alikaa pembeni, karibu na choo, na kila bao la mjukuu wake Siwema alilisikia akiwa huko chooni.

Yeye na rafiki yake Pazi walisumbuliwa na tezi dume, ila daktari aliwapa dawa tofauti. Ya Hatibu hulegeza misuli ya njia ya mkojo, nayo ilimpa nafuu upesi. Ya Pazi huisinyaza tezi yenyewe, taratibu, kwa miezi.

"Yako ina haraka, bwana, lakini itakuangusha!" Pazi alimpigia kelele kutoka pembeni. "Ukiinuka ghafla, chali!"

"Na yako itafanya kazi nikishakuzika! Nenda zako chooni!"

Watu wakacheka. Pazi akaenda kweli.

Mara filimbi ikalia: penalti. Siwema akauweka mpira chini. Uwanja mzima ukasimama, na Hatibu hakuona ila migongo.

Moyo ulitaka aruke. Daktari alikuwa amemwambia ainuke polepole. Akamshika bega mama aliyekuwa mbele yake, akainuka kidogo kidogo, kizunguzungu kikaja, kikapita.

"Babu, wahi!" yule mama akamhimiza. "Anapiga!"

Hatibu aliponyooka, mpira ulikuwa umekwisha kutoka mguuni mwa Siwema, na kipa alikuwa ameruka upande wa pili.