Sindano ya Pembe

Sindano ya chuma ya kuungia kamba Nakunda aliikataa, maana chuma huchana nyuzi za plastiki za kamba kimyakimya. Alichonga ya pembe ya ng'ombe, akaisugua kwa msasa, kisha akaijaribu kifundi: akaipitisha katika nywele za bintiye, Naike. Sindano njema hainasi hata unywele. Mtoto alitulia tu.

Katika mji ule wa nyumba za kuning'inia juu ya bonde, aliyeunga kamba ndiye huingia nyumba mpya kwanza, pamoja na wanawe.

Akaunga. Nyumba nzima, jiko na vitanda vyake, ikaning'inia kwenye kamba nyembamba kama kidole. Nakunda akaduwaa. "Ya Mungu mengi!"

Wakaingia. Mlango ulipofungwa, Naike akanong'ona, "Mama, ile sindano ilinasa kidogo. Nilinyamaza, ulikuwa umechoka."